Mtumbwi Uliolala Zizini

Mwadila wote! Mhola? Itikieni basi kwa nguvu, mhola duhu, salama tu, hamjafiwa. Haya. Nyie wawili mliokaa ukingoni mwa mtumbwi sogeeni kidogo, huyo ng'ombe mwekundu anataka kunywa na pembe zake hazina adabu.

Najua mnachojiuliza. Mtumbwi wa ziwani unafanya nini hapa Bariadi, uani kwangu, umejaa maji, ng'ombe wanakunywa humo? Kila anayeingia anauliza. Yule kijana aliyeleta saruji juzi aliniuliza kama kuna gharika tunaitegemea. Ziwa lenyewe liko mbali, mpaka upite Dutwa, ushuke Lamadi, ndiyo uanze kunusa samaki. Basi leo nitawaambia. Mimi Maduhu, ambaye shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe, nimefanya kazi ya kupeleka watu kuvua kwa starehe. Sikilizeni vizuri: kwa starehe. Siyo kwa njaa.

Kazi hiyo mwanzoni sikuitafuta. Nilikuwa kuli wa lori la pamba, tukaharibikiwa Lamadi, na lori likakaa siku tatu linangoja kifaa. Nikasikia kambi moja ya wageni kando ya ziwa inatafuta mtu mwenye nguvu. Mimi wakati ule nilikuwa na nguvu za kumbeba punda na mzigo wake. Nikaenda. Meneja wa kambi, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, akaniangalia juu mpaka chini.

"Unajua kuogelea?"

"Najua, bosi."

"Ulijifunzia wapi?"

"Kwenye lambo la ng'ombe."

"Lambo hilo lina kina gani?"

"Ng'ombe linamfika tumboni."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaniambia, "Basi wewe jaketi okozi utalivaa hata ukiwa umelala." Lile jaketi la rangi ya chungwa, linalomfanya mtu aelee. Nami nikatii amri. Wiki nzima nililala nalo. Nilikuwa nageuka kitandani kama mtungi.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Nahodha. Mfupi, mtu wa visiwani, haongei mpaka ukosee. Huyo alikuwa akinusa upepo wa keshokutwa. Anasimama ufukweni asubuhi, anainua pua, anasema, "Leo saa nane ziwa litakasirika." Saa nane kamili ziwa linakasirika. Nadhani lilikuwa linamwogopa.

Cheo changu cha kwanza kilikuwa kuchota maji. Boti yoyote inaingiza maji kidogo chini, na lazima mtu akae na kopo ayatoe. Kisha nikapandishwa kwenye chambo, kile chakula unachomtegea samaki kwenye ndoano. Wageni walikuwa na chambo cha ajabu, samaki wa plastiki amepakwa rangi kama bibi harusi, ana ndoano mbili tumboni. Unamfunga kwenye mshipi, ule uzi wa kuvulia, boti inakwenda polepole, naye anafuata nyuma anajitingisha. Hiyo inaitwa kukokota. Sangara akimwona anadhani ni kitoweo. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikiuma kimoja kujaribu.

Halafu kuna fimbo ya kuvulia, na kwenye fimbo kuna rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi. Rili ina breki. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Ukiibana sana, samaki akivuta mshipi unakatika. Ukiilegeza sana, anaondoka na mshipi wote mpaka Ukerewe. Nahodha alitaka kunieleza siku nzima, nikamwambia, "Nimeelewa, ni kamba ya ndama." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

Sasa safari yangu ya kwanza. Tulikuwa na mgeni mmoja mnene, jasho linamtiririka, akavutana na sangara muda ambao mtu angepalilia ekari. Akamtoa. Samaki sawa na mbuzi! Mimi nikaanza kuwaza ugali wake. Mgeni akamshika, akapiga picha, akambusu mdomoni. Nikasema sawa, watu na mila zao. Halafu akamrudisha majini.

Nilichupa! Nusu ya mwili ilikuwa nje ya boti namdaka mkia, Nahodha akanivuta kwa mkanda wa suruali.

"Maduhu, una wazimu?"

"Mimi? Mimi ndiye mwenye wazimu? Kitoweo kimemponyoka!"

"Hakijamponyoka. Kaachia."

"Kwa nini?"

"Ili akue."

"Akishakua?"

"Watamvua."

"Halafu?"

"Watamwachia."

Nikakaa chini. Ndugu zangu, tangu siku hiyo mpaka leo swali hilo halijaniacha. Mtu anatoka mbali, anaungua jua, anatapika kwa mawimbi, anapigana na samaki, halafu anamwachia. Nilimuuliza kila mgeni niliyemkuta. Daktari mmoja akaniambia inashusha presha. Mchungaji mmoja akaniambia ni kujifunza kusamehe. Bwana mmoja mwenye duka la vyuma akaniambia kwamba nyumbani kwake kuna kelele. Huyo peke yake ndiye niliyemwelewa.

Baada ya misimu kadhaa nikapewa usukani wa mashine, na Nahodha akanipa sheria ya kazi. Alisema, "Mgeni akimpoteza samaki, kosa ni la upepo. Akimpata, sifa ni yake. Wewe huna samaki. Shika hiyo." Nikaishika. Ndiyo sheria ngumu kuliko zote, maana mimi nina mdomo.

Wakati huohuo Bariadi nayo ikawa mji wa ofisi. Wakaanza kuletwa maafisa kutoka kila kona, wengine watu wa pwani kabisa, wamezaliwa wanasikia bahari, wanatupwa huku kwenye pamba na vumbi. Mmoja alikuwa Bwana Mhandisi wa Maji, mtu wa Tanga, mpole, kaletwa kushughulikia visima. Huyo aliugua bahari kama mtu anavyougua malaria. Jumamosi moja watu walimkuta amekaa kando ya lambo na fimbo yake ya kuvulia, ng'ombe wamemzunguka wanamshangaa. Mchungaji wa ng'ombe akamuuliza, "Shikamoo mzee, umepoteza nini humo?" Akajibu, "Nimepoteza bahari, mwanangu."

Akaelekezwa kambini kwetu, akawa hakosi kurudi. Lakini alikuwa na tatizo. Kila Jumatatu anawasimulia wenzake ofisini samaki aliowavua, na kila mmoja kamwachia. Wakaanza kumtania. "Mhandisi, samaki wako wanaishi ziwani au mdomoni?" Ilimuuma. Siku moja akaniambia, "Bwana Maduhu, kambini wageni wamejaa, nafasi sipati. Tafuta chombo chako mwenyewe. Mimi ni wako kila Jumamosi, na wenzangu nitakuletea."

Nikarudi nyumbani nimevimba kama puto. Lakini mtumbwi haushuki na mvua, na hapa nyumbani mali ya kubadilisha ilikuwa moja tu, mitamba miwili ya mke wangu Minza. Mitamba ya kwake, alipewa na baba yake, haijazaa bado. Minza, mnamjua, yule pale anapepeta mchele na kujifanya hasikii. Nilimbembeleza tangu mtama unapandwa mpaka unavunwa.

Akasema, "Mtamba unazaa. Mtumbwi unazaa nini?"

"Unazaa Jumamosi, mayu, mama Kulwa. Kila Jumamosi."

"Sawa. Chukua. Lakini safari ya kwanza napanda mwenyewe nikaone. Nisiporidhika, naukata mbao zote nitengeneze mlango wa zizi. Na wewe utalala nje ya mlango huo."

Hakuwa anatania. Minza hajui kutania, mimi nimetania kwa niaba ya wote wawili.

Mitamba ikaenda, mtumbwi ukaja. Fundi wa ufukweni aliujenga mbele ya macho yangu. Mkuku kwanza, ule uti wa mgongo wa chini, kisha mbao za pembeni. Katikati ya mbao na mbao kuna upenyo, na hapo ndipo anapotia kalafati. Mnajua kalafati ni nini? Ni pamba! Pamba yetu hii hii, inasokotwa kama uzi mnene, inagongwa kwenye upenyo kwa patasi butu, inapakwa rangi juu. Nilicheka. Maisha yangu yote nimebeba marobota ya pamba sikujua kwamba ndiyo inayozuia ziwa.

Nikaupa jina Nzagamba, dume la mbegu. Nikaufunga kengele ya ng'ombe mbele. Nahodha akauzunguka, akaupapasa, akasema neno moja, "Mtumbwi unakaa majini."

Nikamjibu, "Nahodha, heshima yako. Lakini mali ambayo hulali ukiisikia inapumua, hiyo si yako. Huku ufukweni nani ataulinda?"

"Maduhu, usiuache ukauke."

Nikaona ananionea wivu. Nikapata lori lililokuwa linarudi tupu, nikaupakia, nikaja nao Bariadi. Pale Dutwa watu walitoka wote barabarani. Mama mmoja aliuliza kama hilo ni jeneza la tembo.

Nikauingiza zizini, katikati ya ng'ombe, mahali pa heshima. Kiangazi chote ulilala pale nikingoja mashine ya kupachika, maana mashine ilichelewa. Na mimi nilivyoupenda! Asubuhi naupaka samli. Jua linawaka, samli inameta, watu wanakuja kuutazama hata kutoka Lagangabilili. Ng'ombe wakaulamba ukazidi kung'aa. Nikaona vimistari vinajitokeza kati ya mbao, leo kimoja, kesho vitatu. Nikasema mbao nzuri zina urembo. Jua unaloliona hapa kiangazi linapasua hata kisigino. Mimi nikaona urembo.

Siku ikafika. Mashine imekuja, lori limetupeleka, tuko Lamadi asubuhi na mapema. Nahodha hakuwepo, alikuwa kashatoka na wageni. Bwana Mhandisi kaja na fimbo yake na simu mpya ya kupigia picha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo simwachii samaki, Bwana Maduhu. Leo nampeleka Bariadi, namlaza juu ya meza ya ofisi, wamnuse." Minza kaja na mto wake wa kulalia, ule mkubwa aliojaza pamba ya shambani, kwa sababu kasikia kiti cha mtumbwini ni ubao. Hajawahi kupanda chombo cha majini. Kakaa katikati, kashika mbao mbili huku na huku, macho yake yananihesabia pumzi.

Tukatoka. Kengele inalia, mashine inanguruma, Bwana Mhandisi anakokota chambo chake nyuma, mimi nimesimama nyuma kama mkuu wa mkoa. Tukafika mbali kidogo. Minza akaangalia miguu yake.

"Baba Kulwa, viatu vyangu vimelowa."

"Ndiyo ziwa hilo, mayu. Lina tabia ya kulowesha."

"Maji yanatoka chini."

"Mtumbwi unakunywa. Ng'ombe akifika lamboni si anakunywa?"

"Ng'ombe akinywa maji yanaingia kwake. Haya yanaingia kwetu!"

Nikatazama. Jamani! Kila kale kamstari nilikoita urembo kalikuwa kanatapika. Nikashika kopo nikachota. Nilichota mpaka kopo likapata moto. Nikageuza mtumbwi turudi, na wakati nageuza ndipo fimbo ya Bwana Mhandisi ikapinda mpaka ncha ikagusa maji, na rili ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa.

"Kashika!" akapiga yowe. "Zima mashine! Zima!"

"Bwana Mhandisi, tunazama!"

"Tuzame polepole! Huyu ni mkubwa!"

Hapo sasa mimi nifanye nini? Nikiwasha mashine, mshipi unakatika, Jumamosi zangu zote zimekwenda. Nikizima, maji yanapanda, na mke wangu hajui hata lambo. Na akipona, mlango wa zizi. Nikazima. Ndiyo, nilizima, msinitazame hivyo. Yule samaki akaanza kutuvuta. Alituvuta hivi, mawimbi yanapasuka mbele, nikaanza kuiona Ukerewe na nguo zilizoanikwa.

Nilitegemea Minza atalia. Minza hakulia. Aliinamia ule mstari mkubwa, akaupapasa kwa kidole, kama anavyopapasa kibuyu cha kusukia maziwa kikipata ufa. Akasema, "Hivi hiki si ni kibuyu tu?" Akachukua mto wake akautia meno, akaupasua, akachomoa pamba, akaisokota mapajani, akaanza kuisindilia kwenye nyufa kwa mpini wa kijiko.

"Lete samli!"

"Samli ipi?"

"Uliyopaka chombo badala ya kupaka ugali wa wanao! Najua umekuja na kopo lake!"

Kweli nilikuja nalo, nilitaka kuung'arisha mbele ya wageni. Nikampa. Anasokota, anachovya kwenye samli, anasindilia, mimi nachota, Bwana Mhandisi anavutana na samaki huku simu yake imechomoka mfukoni imeingia kwenye maji ya mtumbwini, hana habari nayo. Mstari mmoja ukanyamaza. Wa pili. Wa tano. Maji yakabaki kwenye vifundo. Mto ukabaki ganda.

Ndipo samaki akatokea. Ndugu zangu, mimi nimeona sangara wengi. Lakini yule! Kichwa sawasawa na cha dume la mbegu, amepungukiwa pembe tu. Macho kama taa za lori. Akilala ubavu kivuli chake kinatufunika. Bwana Mhandisi akaanza kutokwa machozi, akaniambia, "Mshike, Bwana Maduhu, mshike, mwingize ndani."

Minza akamtazama yule samaki tumboni. Tumbo limejaa, limetuna.

"Huyu ni mama. Ana mayai."

"Shemeji, tafadhali. Ofisini wananicheka."

"Kwetu mtamba wenye mimba hauchinjwi. Na mtumbwi huu ni mitamba yangu miwili, haumbebi na mwingine. Mwachie."

Bwana Mhandisi akanitazama mimi. Mimi nikatazama juu, kuna ndege alikuwa anapita. Akapiga magoti kwenye maji, akamchomoa ndoano taratibu kabisa, akamshika mkia mpaka akapata pumzi. Samaki akapiga mkia mmoja, akatulowesha wote watatu, akaenda. Bwana Mhandisi akatafuta simu apige picha ya maji yalivyotulia. Akaikuta kwenye pamba na samli, imekufa.

Tulirudi polepole. Nahodha alikuwa ufukweni. Akautazama Nzagamba, akatazama nyufa, akanusa samli. Hakunitukana. Alichukua mawe, akaujaza mtumbwi mawe, akausukuma majini, akauzamisha wote mbele ya macho yetu. Minza akashika kichwa, "Yuwiii! Mitamba yangu!" Nahodha akasema, "Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana. Siku tatu." Baada ya siku tatu tukautoa mawe, hauingizi hata tone. Halafu akamgeukia Minza akamuuliza, "Aliyesindilia pamba hii ni nani?" Akaambiwa. Akasema, "Wewe ndiye mwenye chombo. Huyu ni kuli."

Na ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho wa kazi yangu. Mabosi nimekuwa nao watatu: Meneja, Nahodha, na Mwenye Chombo. Wa tatu ndiye ambaye hakunipa likizo. Mtumbwi ulikaa Lamadi, majini, na kila Jumamosi Bwana Mhandisi alikuja, akaleta na wenzake waliokuwa wanamcheka, wakatapika kwa mawimbi wakaacha kucheka. Hakuna aliyepanda bila Mwenye Chombo kukagua nyufa kwa kidole. Mitamba yake ilirudi, na ndama juu.

Sasa magoti yangu yamegoma. Bwana Mhandisi kastaafu karudi kwao Tanga kwenye chumvi, lakini Jumamosi hapiti bila kunipigia simu: "Mama yetu bado yuko salama?" Anamuulizia samaki, siyo Minza. Nami Nzagamba nikaurudisha nyumbani, maana bado nataka kulala nikiusikia. Ila sasa nina akili. Nimeujaza maji ndani, mbao zinakunywa, na ng'ombe nao wanakunywa. Siku mmoja wenu akitaka kazi hii, unapakiwa tu.

Lile swali langu bado sijapata jibu, kwa nini mtu apigane hivyo na samaki halafu amwachie. Lakini niseme ukweli, kati ya samaki wote waliopita mikononi mwangu, wale waliokaangwa nimewasahau. Yule mmoja tuliyemwachia namkumbuka kila gamba. Dume zima la mbegu! Upana wake kutoka hapa nilipo mpaka pale kwenye mti wa...

"Maduhu!" Minza huyo, kaacha kupepeta. "Msikilizeni huyu! Mwaka juzi akisimulia alikuwa sawa na mbuzi. Mwaka jana akawa ndama. Leo ni dume. Kumbe Nahodha alisema kweli: ukimwachia, anakua!"